Mkoa Uliokolea Kijani

Watu walimwita Herufi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mchora mabango. Ukiona duka limeandikwa Karibu Wateja kwa herufi nene zenye kivuli cha njano, au ukuta wa gereji wenye tairi linalocheka, jua mkono wa Herufi umepita hapo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma, dirisha halifungi, sakafu imejaa matone ya rangi mpaka mgeni huogopa kukanyaga. Harufu ya thina iliingia hadi kwenye chai yake. Mwenyewe alishaacha kuisikia zamani.

Herufi alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja, na kwa hilo hakuwa na simile. Mteja akija na karatasi iliyojaa maneno, Herufi alimshika mkono, akavuka naye barabara, akamsimamisha ng'ambo na kumwonesha ukuta mtupu. "Toka hapa utasoma nini? Mtu yuko kwenye pikipiki, ana haraka, jua linampiga machoni. Kisichosomeka toka hapa mimi sikipaki." Kisha anachomoa kalamu sikioni na kuanza kukata. Alikata saa za kufungua, alikata namba ya pili ya simu, na siku moja alikata jina la mke mdogo wa mwenye hoteli, kukawa na kasheshe nyumbani kwa yule bwana mpaka akarudi kuomba bango lote lifutwe.

Hayo maneno madogo hata hakuwa akiyasoma. Aliyapima kwa jicho, akaona hayatoshi, akayapiga mstari. Ndivyo alivyofundishwa na bwana wake wa kazi, na mkono wake haukujua njia nyingine.

Kazi kubwa kuliko zote aliipata kwenye ofisi ya nishati, ile yenye ukuta mrefu unaotazama barabara kuu. Walitaka ramani ya nchi nzima, mikoa yote, kila mmoja na rangi yake. Aliyemletea mchoro alikuwa mwanamke kijana wa idara ya takwimu, mcheshi, anayeongea huku akitembea. Akamweleza kwamba ramani inalinganisha mikoa kwa matumizi ya nishati jadidifu. Unaotumia zaidi unapakwa kijani kilichokolea, unaotumia kidogo unapauka.

"Jadidifu ndiyo nini, dada?"

"Ile inayojirudisha yenyewe. Jua, maji, upepo na kadhalika."

Chini ya mchoro palikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo. Herufi alimvusha barabara kama alivyowavusha wengine. Yule dada alijaribu kubisha. "Haya yana maana yake, fundi."

"Maana yake ipo karatasini. Ukutani haipo. Unataka niweke wadudu chini ya ramani yako?"

Dada wa takwimu akacheka, akasema basi, yeye si mtaalamu wa kuta. Mistari miwili ikaenda na maji.

Akachora miraba kwa chaki, akahamisha mipaka ya mikoa mmoja baada ya mwingine, akachanganya vijani vyake kwenye ndoo tano. Mkoa wa jiji, ule ule alimokuwa anaishi, ukatoka umepauka karibu na weupe, na wapita njia wakamtania kwamba rangi imemwishia. Halafu akafika kwao.

Mkoa wa kwao ulikuwa mkoa wa mwisho. Wa mwisho kwa matokeo ya mitihani, wa mwisho kwa barabara, wa mwisho kwa kila orodha iliyowahi kusomwa redioni. Wauza rangi mjini walikuwa na msemo wao wa kumchokoza: huko kwenu gari la serikali likifika, ujue limepotea njia. Amecheka nao miaka yote, kwa sababu ukinuna ndiyo wanazidi. Sasa mchoro ulikuwa unamwambia aupake mkoa huo kijani kilichokolea kupita yote, ilimbidi hata aongeze nyeusi kidogo ndani ya ndoo ili kiive. Akarudia kutazama karatasi. Hakukosea. Mkoa wa kwao ulikuwa wa kwanza nchi nzima.

Kichwa kikamvimba, na nani angemlaumu? Alishuka kwenye ngazi, akavuka barabara peke yake, akasimama ng'ambo. Ulisomeka vizuri mno. Akakumbuka mara ya mwisho alipokwenda kwao aliona watu wenye kofia ngumu wakipima mto kwa kamba, na juu ya bati la duka la kijijini palikuwa na sola ya kuchajia simu. Akaunganisha hiki na kile. Kumbe mambo yameshaanza, akajiambia, na sisi wa mjini ndio tuliolala.

Jioni hiyo hiyo alimpigia mama yake.

Mama alikuwa mjane, anaishi kwenye nyumba ile ile aliyozalia watoto wake wawili, na jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo ubavuni mwa nyumba, mafiga matatu, tundu moja la kutolea moshi ambalo moshi wenyewe ulilidharau. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu mwaka uliopita. Alikuwa akikohoa akiinama kupuliza moto, baadaye akawa anakohoa hata akiwa amekaa. Binti yake, dada mkubwa wa Herufi, aliishi mji wa wilaya na alipikia gesi. Alishatayarisha chumba, ameshanunua na shuka, anataka kumchukua mama aache moshi. Mama alikuwa anavuta miguu.

"Dada yako anataka kunihamisha," mama alisema kwenye simu. "Anasema moshi utaniua. Mimi nimemwambia nangoja neno lako, baba."

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Neno moja lingetosha, nenda, na mama angefunga mlango akaenda. Lakini Herufi alikuwa bado ana rangi mikononi.

"Mama, umeme unakuja huko. Mkoa wetu ndio wa kwanza nchi nzima. Serikali imeandika. Mimi mwenyewe nimeupaka, kwa mkono wangu huu."

Mama akacheka kwa furaha, kicheko kikageuka kikohozi, Herufi akasubiri kiishe. "Basi siendi popote," mama alisema akipata pumzi. "Nihame leo, kesho waje kufunga taa, nani atawafungulia mlango?"

Haikupita muda dada akapiga. Hakusalimia. "Umemwambia nini mama?"

"Ukweli. Umeme unakuja."

"Wewe umeiona nguzo? Hata moja iliyolala chini?"

"Dada, hizi ni takwimu."

"Takwimu zinaivisha maharage?"

"Vumilia kidogo tu. Kumng'oa mama kwake ni kumvunja moyo."

Dada alikata simu. Yeye ndiye aliyekuwa anampelekea mama dawa, yeye ndiye aliyekuwa anaosha shuka zilizonuka moshi, lakini kauli iliyosikilizwa ilikuwa ya kitinda mimba aliye mjini. Mama zetu wana mambo yao.

Mvua zikaja, kuni zikalowa. Kuni mbichi zina roho mbaya, zinatoa machozi kabla ya kutoa moto. Mama alizidi kuinama na kupuliza. Kila akiongea na Herufi aliuliza kuhusu umeme, na Herufi alimjibu kwa uhakika wa mtu aliyepita mbele ya ukuta wake asubuhi hiyo. Simu nyingine alikuwa akizipokea Mama Mapacha, jirani, aliyeshinda na mama karibu kutwa. Alikuwa akimwambia, "Mama yako kalala kidogo, tutakupigia." Herufi hakujiuliza kwa nini mama yake, mtu asiyejua kukaa, amekuwa wa kulala mchana.

Dada ndiye aliyemwamsha. "Mama halali tena chali," alisema, na safari hii hakuwa na hasira, jambo lililomtisha Herufi zaidi. "Analala ameketi, ameegemea ukuta. Akijinyoosha pumzi inakata. Nimemwambia twende, anasema wewe umemwahidi. Sasa nakuuliza wewe. Unakuja lini huo umeme?"

Kesho yake Herufi alikwenda ofisi ya nishati na nguo za kazi. Alikuwa amejiandaa kufoka. Dada wa takwimu alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akaulizia kazi.

"Nimekuja kuuliza, dada. Kwetu umeme unafika lini?"

"Kwenu wapi?"

Akautaja mkoa. Yule dada akakunja uso akifikiri. "Kule hapana mpango wa mwaka huu, fundi. Wala wa mwakani sijauona."

"Lakini ndio wa kwanza. Mimi nimeupaka."

"Wa kwanza kwa nishati jadidifu, ndiyo."

"Sasa jadidifu gani, kama umeme hakuna?"

Dada wa takwimu alimtazama, akaelewa, na akashusha sauti. "Kuni, fundi."

Herufi akamsogezea sikio.

"Mti ukikatwa unaota mwingine," alieleza taratibu, "kwa hiyo kuni zinahesabiwa humo humo, pamoja na jua na maji. Mkoa ambao kila nyumba inapikia kuni unaruka juu kabisa. Hapa jijini watu wanapikia gesi, viwanda vinachoma mafuta, magari ndiyo hayo, tunashuka chini. Kule kwenu hakuna sola za maana wala mitambo ya upepo. Kuna akina mama na mafiga. Ndiyo maana tuliweka yale maelezo chini."

"Yalisemaje?"

"Kwamba hesabu inajumuisha kuni na mkaa. Na kwamba mkoa kukolea rangi si kusema una umeme." Akaongeza haraka, "Kosa ni langu pia. Ningekukatalia."

Herufi alikuwa ameyashika maneno yale mkononi. Alikuwa ameyapima urefu, akakadiria brashi, akayaita wadudu. Aibu ilimpanda usoni, na nyuma ya aibu ikaja hofu yenyewe, ile ya kweli. Alitoka bila kuaga, akampigia dada yake akiwa bado kwenye ngazi za ofisi. "Mchukue mama leo. Usimuulize. Sema nimesema mimi. Hakuna umeme."

"Kuhusu umeme nitamwambia nini?" dada aliuliza.

"Mchukue tu."

Dada hakufika naye kwenye kile chumba chenye shuka mpya. Walipitia hospitali moja kwa moja, na hospitali haikumwachia.

Herufi alipofika alimkuta mama kitandani ameketishwa kwa mito, mpira wa hewa puani, mdogo kuliko alivyomwacha. Dada alikuwa upande mmoja na Mama Mapacha upande wa pili, amekuja na uji kwenye chupa. Daktari alimwita Herufi pembeni, akamuuliza mama amevuta sigara miaka mingapi.

"Mama yangu hajawahi kushika sigara."

"Anapikia nini?"

Herufi akajibu. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeulizia jambo analolijua, akaandika, akasema mapafu yamechoka sana, wangejitahidi.

Akarudi kitandani. Dada hakuwa amemwambia mama lolote kuhusu umeme, alimwachia mwenye maneno aje ayameze mwenyewe. Mama alimwona, akatoa mkono chini ya blanketi, akamshika kidole kimoja, kile chenye doa la rangi lisilotoka.

"Umekuja na nguzo?" aliuliza, na uso ukataka kucheka.

Alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa na sentensi yake tayari: mama nisamehe, nilikosea. Dada alikuwa anamtazama. Mama Mapacha alikuwa ameinamisha kichwa asikie. Na mama alikuwa anangoja kwa macho yale yale aliyokuwa akimngojea nayo akitoka shule na karatasi ya mtihani.

"Ziko njiani, mama," Herufi alisema.

Mama akafumba macho, ameridhika. Hakusema neno jingine la maana tena. Akafa siku iliyofuata asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu, dada amekwenda kujaza maji, na Herufi peke yake ndiye aliyekuwepo. Alilia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Wakamzika nyumbani kwake. Wafiwa wanahitaji kula, na watu walikuwa wengi kwa sababu mama alikuwa mtu wa watu. Herufi aliombwa kupasua kuni, akashika shoka. Alipasua bila kupumzika mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kila mzigo ulipotimia alikuja mwanamke akabeba, akaupeleka kwenye kile kibanda cha udongo. Mzigo wa mwisho aliupeleka mwenyewe.

Ndani moshi ulikuwa umeshuka hadi usawa wa kiuno. Wanawake walikaa chini yake, kwenye vigoda, wakimenya na kuchambua, macho mekundu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na mtoto alikuwa anakohoa kikohozi kidogo, kikavu. Mama Mapacha alikuwa ameinama mbele ya mafiga, anapuliza. Herufi alisikia kifua chake mwenyewe kikibana. Hakukumbuka kama zamani palikuwa hivi. Labda palikuwa, na yeye alikuwa mtoto wa kuingia na kutoka.

"Mtoto atoke nje huko," alisema.

"Atazoea," alijibu mwenye mtoto, akacheka kidogo kwa heshima ya msiba. "Si ni kwa muda tu. Majiko yenyewe tuliyakataa."

"Majiko gani?"

Mama Mapacha ndiye aliyemweleza, bila kugeuka. Alikuja fundi wa majiko yale yenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Alizunguka nyumba kwa nyumba, alitaka kubomoa mafiga na kujenga ya tofali, bure, kwa kuwa kuna watu walimlipia. Alifika hapa kwanza. Mama yako akamwambia ashike njia yake, sisi hatujengewi majiko ya kuni, sisi tunaletewa umeme, mwanangu ndiye mchoraji wa ramani ya serikali. Kisha mama yako akatupitia na sisi wote, mlango kwa mlango, akatuambia tusikubali, tutabomoa mara mbili bure. "Tukakataa kijiji kizima," Mama Mapacha alisema, na kulikuwa na fahari kwenye sauti yake. "Fundi wa watu akaondoka na tofali zake."

Herufi aliweka kuni chini. Akajishika ukutani, na masizi yakamjaa mkononi. Alijua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Nisikilizeni, mama zangu," alisema. "Umeme hauji. Si mwaka huu, si mwakani. Nilikosea. Ile ramani inahesabu hizi kuni. Sisi ni wa kwanza kwa sababu ya hizi kuni, hakuna kingine. Nilimwambia mama kitu nisichokijua, na yeye akawaambia ninyi. Mtafuteni yule fundi wa majiko. Au nitamtafuta mimi. Msingoje."

Visu vikatulia. Mwenye mtoto alimtazama Mama Mapacha, wengine nao wakamtazama. Yeye akainuka polepole, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamsogelea Herufi na kumshika bega jinsi wanavyoshikwa watu wenye homa.

"Usiongee hivyo, baba," alisema. "Mama yako hajamaliza hata siku moja kaburini, unataka kumfanya mwongo?"

"Mwongo ni mimi, mama. Si yeye."

"Wewe? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika chupa ya uji. Nilikusikia kwa masikio yangu haya ukimwambia ziko njiani. Mtu hamwambii mamake uongo pale kitandani. Haiwezekani." Aliwageukia wenzake, wakaitikia kwa kichwa, wote, kwa huruma tupu. "Ni msiba tu unakusemesha. Tangu jana hujala wala hujalala."

Herufi alifungua mdomo, moshi ukamwingia, akashikwa na kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Mwenye mtoto akamsogezea maji. Mama Mapacha akachukua mti mmoja katika zile kuni alizoleta, akausukuma motoni.

"Kajinyooshe ndani kidogo," alimwambia. "Nguzo zikifika tutakuamsha."